MELI IKIGEUZWA KAZI, NANI AMEHESABU WATU?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Mombasa)



Halmashauri ya elimu ya tawi imetutaka sisi wa karakana tuzungumze juu ya kazi ambayo haijafanyika katika bahari yetu, ila imefanyika kwa miaka mingi sasa katika Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza, Denmark, Ujerumani na Uholanzi. Kazi yenyewe ni kuchukua meli iliyojengwa kwa shughuli nyingine na kuigeuza, ili ibebe kebo nene za umeme na kuzilaza chini ya bahari. Umeme huo hutoka katika mashamba ya upepo, yaani mitambo mirefu yenye mapanga matatu, iliyosimamishwa katikati ya maji.

Huenda ndugu mmoja akauliza, "Sisi watu wa reli tuna nini na kebo za baharini?" Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mawili.

Jibu la kwanza ni kwamba reli na bahari ni jamaa tangu zamani. Ilipoundwa East African Railways and Harbours mwaka 1948, gari la moshi na bandari viliwekwa chini ya bwana mmoja. Na hata kabla ya hapo, katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, watu wa reli na watu wa gatini walisimama pamoja. Huko Kisumu, meli ya Uhuru, ambayo imekuwa katika Ziwa Victoria tangu miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake ili ibebe mabehewa.

Jibu la pili ni kwamba kugeuza chombo ni kazi tunayoijua. Behewa bapa lililobeba mbao jana, leo huagizwa libebe makontena. Gari hugeuzwa, mashine hugeuzwa, na mtu naye huambiwa ageuke. Kwa hiyo tunaposikia habari za wenzetu wa baharini tunaelewa upesi, na kuna mambo ya kujifunza kwao.

Neno letu la leo ni moja tu. Chombo kikigeuzwa kazi, chuma peke yake hakitoshi kugeuzwa. Watu watakaokiendesha hawana budi kuhesabiwa pia: idadi yao, mafunzo yao, na saa zao za kulala. Na hesabu hiyo yafaa ifanywe kabla chombo hakijaondoka gatini, si baada ya msiba.

UPEPO BILA WAYA NI BURE

Tuanze nyumbani, ili kila mtu aone umuhimu wa waya. Huko Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo ya upepo 365, yenye nguvu ya megawati 310. Mitambo ilikuwa imesimama tayari mwaka 1017? La, ndugu, si zamani hizo: ni mwaka 2017. Lakini laini ya umeme ya kuja Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikukamilika mpaka Septemba 2018. Kampuni ya Kispania iliyopewa kazi ya laini ilifilisika kabla ya kuimaliza. Upepo ulivuma, mapanga yalikuwapo, lakini umeme haukuwa na njia, na fidia ikalipwa kwa umeme ambao haukufika kwa mtu ye yote.

Hiyo ni nchi kavu, ambapo nguzo yaonekana na gari laweza kufika. Baharini mambo ni magumu zaidi. Shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991. Lilikuwa na mitambo 11 tu, karibu na pwani, na jumla ya nguvu yake ilikuwa kama megawati 5. Lilivunjwa mwaka 2017 baada ya kumaliza umri wake. Linganisheni na shamba la Hornsea One la Uingereza, lililoanza kupeleka umeme mwaka 2019: mitambo 174, nguvu ya megawati zaidi ya 1,200, nalo liko kilomita 120 kutoka pwani ya Yorkshire.

Shamba kama hilo lina kebo za namna mbili. Ziko kebo za ndani, zinazounganisha mtambo na mtambo, na ziko kebo kuu za kupeleka umeme wote nchi kavu. Kebo kuu ikikatika au ikiharibika, mitambo mingi hukaa bure kama ile ya Loiyangalani ilivyokaa. Ndiyo sababu watu wa bima huziogopa kebo hizi kuliko vitu vingine vingi vya shamba la upepo, maana madai makubwa ya fedha hutokana nazo.

KUGEUZA MELI SI JAMBO LA JANA

Desturi ya kugeuza meli kwa ajili ya kebo ni ya zamani. Mwaka 1858 waya wa simu ulilazwa kuvuka Bahari ya Atlantiki na manowari mbili, Agamemnon ya Uingereza na Niagara ya Marekani. Meli hizo zilijengwa kwa vita. Zilipewa nusu ya waya kila moja, zikakutana katikati ya bahari, wakaunganisha ncha, kisha kila moja ikaelekea kwao. Habari zilipita kwa majuma machache tu, waya ukafa.

Baadaye ikaja meli iitwayo Great Eastern. Aliyeibuni ni Isambard Kingdom Brunel, ambaye sisi watu wa reli twapaswa kumjua, kwa kuwa ndiye mhandisi wa reli ya Great Western huko Uingereza. Great Eastern iliingizwa majini mwaka 1858, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 200. Ilikusudiwa kuchukua abiria 4,000, lakini abiria hawakutosha na wenye meli wakapata hasara. Basi ikageuzwa. Ndani yake yakawekwa matangi makubwa matatu ya kuwekea waya. Bomba moja la moshi likaondolewa ili kupata nafasi. Na mashine ya kutolea waya ikafungwa tezi.

Mwaka 1865 ilitoka Ireland kwenda Newfoundland. Waya ulionyesha hitilafu, wakataka kuuvuta juu ili watengeneze. Lakini mashine ya kutoa ilikuwa tezi na mashine ya kuvuta ilikuwa omo, mbele kabisa. Ikawalazimu kuuhamisha waya kutoka nyuma kwenda mbele, na katika kuvutavuta huko waya ukakatika, ukazama. Mwaka uliofuata mashine ziliongezwa nguvu na kutengenezwa upya, na tarehe 27 Julai 1866 waya ukafika Newfoundland. Kisha wakarudi kuuokota ule wa 1865 kutoka kilindini, wakaumaliza nao.

Tuliandike hilo katika vichwa vyetu. Meli ilikuwa kubwa kuliko zote za wakati wake, lakini ukubwa haukuifaa kitu mpaka kazi ya mikono ilipofikiriwa: waya utapita wapi, nani atauvuta, akiwa amesimama wapi.

Pwani yetu nayo iliingia katika habari hii. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini. Na mwaka 2009 kebo ya intaneti iitwayo TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah. Kwa hiyo meli ya kebo si mgeni kabisa kwetu. Lakini kebo ya simu au intaneti ni nyembamba. Katika kilindi unene wake haupiti kidole gumba cha mtu mzima. Kebo ya umeme ni kitu kingine, kama tutakavyoona.

KAZI YENYEWE YA KUGEUZA

Ziko meli zilizojengwa mahsusi kwa kulaza kebo za umeme. Mojawapo ni Leonardo da Vinci ya mwaka 2021, yenye sahani mbili za kuzungusha kebo, moja ya tani 10,000 na nyingine ya tani 7,000. Lakini meli za namna hiyo ni chache na bei yake ni kubwa. Tena, bei ya mafuta ya petroli ilipoanguka mwaka 2014, meli nyingi zilizokuwa zikihudumia visima vya mafuta baharini zilikosa kazi, zikafungwa gatini. Wenye meli wakatazama sitaha zake ndefu zilizo tupu, wakasema: hizi zaweza kugeuzwa.

Je, hugeuzwaje? Tutataja mambo sita.

Kwanza, uzito. Kebo kuu yaweza kuwa na uzito wa kilo 100 kwa kila mita moja. Fanyeni hesabu: kilomita moja ni tani 100, na kilomita 20 ni tani 2,000. Kama kila behewa letu lingebeba tani 50, tungehitaji mabehewa 40 kwa kebo ya kilomita 20 tu. Mzigo wote huo huwekwa juu ya sitaha, mahali pamoja. Sitaha ya kawaida itabonyea. Kwa hiyo mafundi huchomelea chini yake vyuma vya kusambaza uzito, mpaka ufike kwenye mataruma na kuta za ndani za meli zenye nguvu. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka ule mfano wa kiraka kipya kilichotiwa katika vazi kuukuu. Chuma kipya kigumu kikichomelewa juu ya bamba lililochoka, bamba ndilo litakalopasuka. Ndiyo maana mkaguzi hupima unene wa bamba kwanza, ndipo fundi awashe moto.

Pili, msimamo wa meli. Mzigo ukiwa juu, meli huwa nyepesi kulala upande. Watu wa Kisumu wanalijua jambo hili: mabehewa hayaingizwi yote upande mmoja wa meli, maana meli italala kabla ya kung'oa nanga. Katika meli ya kebo kuna shida ya pili, nayo ni kwamba mzigo hupungua saa kwa saa kadiri kebo inavyoshuka. Meli iliyotoka na tani 2,000 itabaki tupu mwisho wa kazi. Kwa hiyo lazima farumi ya maji iongezwe na kupunguzwa wakati wote, na yuko mtu ambaye kazi yake ni kuichunga.

Tatu, sahani ya kuzungusha. Waya mwembamba wa simu huweza kuviringwa katika tangi lililotulia, watu wakitembea duara kuupanga. Lakini kila duara moja la kuviringa huutia waya msokoto mmoja. Kebo nene ya umeme, yenye koti la nyaya za chuma zilizosukwa kwa kupishana, haikubali msokoto huo. Itaharibika ndani bila kuonekana nje. Basi hutengenezwa sahani kubwa ya chuma iitwayo karuseli. Karuseli ndiyo huzunguka, na kebo huingia na kutoka bila kusokotwa.

Nne, njia ya kebo. Kutoka kwenye karuseli kebo hupita juu ya magurudumu madogo, ikaingia katika mashine ya kushika. Mashine hii ina minyororo mipana kama ya tinga tinga, juu na chini, nayo huibana kebo na kuiachilia kwa kipimo. Kisha kebo hushuka tezi kwa mteremko uliopindwa taratibu. Kila kebo ina kipimo chake cha kupinda, na kwa kebo kubwa kipimo hicho ni mita kadhaa. Ikipindwa zaidi ya hapo, imekufa. Kwa sababu hiyo hapatakiwi kona kali hata moja katika sitaha nzima, kama vile sisi tusivyoweza kuweka kona kali katika njia ya reli. Tena kuachilia kwenyewe kuna kiasi chake. Kebo ikikazwa mno hunyoka na kuning'inia juu ya mawe. Ikilegezwa mno hujikunja vitanzi chini. Dereva wa gari refu la mizigo anayechunga minyororo kati ya mabehewa wakati wa kupanda na kushuka atalielewa jambo hili bila kufundishwa.

Tano, kusimama mahali pamoja. Meli ya kebo haitii nanga wakati wa kazi katika maji marefu. Huongozwa na kompyuta, ambayo hupokea habari kutoka kwa setilaiti, hupima upepo na mwelekeo, kisha huamuru rafadha za nyuma na za kando zisukume kiasi kinachotakiwa. Kanuni yataka mitambo hiyo ipangwe hivi kwamba mmoja ukifa, mingine iweze kuishika meli mahali pake. Meli ikipoteza mahali hata kwa dakika chache, kebo huvutwa au huvunjika. Kwa hiyo katika kugeuza meli huangaliwa pia majenereta: je, umeme wa meli utatosha kuendesha karuseli, mashine ya kushika, winchi na rafadha kwa wakati mmoja?

Sita, kuizika kebo. Kebo ikiachwa wazi chini ya bahari, nanga za meli na nyavu za wavuvi zitaikokota. Kwa hiyo huzikwa, mara nyingi kiasi cha mita moja au mbili, kwa jembe linalokokotwa au kwa mashine inayopiga mchanga kwa maji ya nguvu. Mashine hizo huongezwa juu ya meli pamoja na winchi na kreni zake. Na karibu na pwani, ambapo meli kubwa haiwezi kufika, hutumiwa vyombo vyenye chini bapa vinavyoweza kukaa mchangani maji yakipwa. Ncha ya kebo huelezwa kwa maboya, ikavutwa na winchi mpaka nchi kavu.

Mambo hayo sita ni ya chuma. Yana michoro, yana mahesabu, na yana wakaguzi wa kutia sahihi.

SASA TUHESABU WATU

Meli ya kupeleka vifaa kwenye visima vya mafuta yaweza kuwa na mabaharia wachache. Ikigeuzwa ya kebo, hupandwa na kundi jingine kubwa: watu wa karuseli, watu wa mashine ya kushika, mafundi wa kuunga kebo, waendeshaji wa mashine za chini ya maji, wapimaji, na wajumbe wa mwenye shamba la upepo. Wote wanataka vitanda, maji, chakula, na nafasi katika mashua za kuokolea. Kazi haisimami usiku wala mchana, kwa kuwa kebo ikishaanza kushuka haiwezi kuachwa ikining'inia. Desturi ni zamu mbili za saa 12, siku baada ya siku, kwa majuma kadhaa.

Halafu iko hali ya hewa. Bahari ya Kaskazini haina masika na kiangazi kama tunavyovijua sisi. Nafasi ya bahari tulivu huja kwa siku chache tu, na tajiri hutaka kuitumia yote. Dhoruba ikija kazi ikiwa katikati, nahodha ana shauri moja baya: kebo ikatwe, ncha yake izibwe na kutelemshwa chini, irudiwe baadaye. Kuiunga tena ni kazi ya siku nyingi na fedha nyingi. Fikirini basi uzito unaomkalia nahodha na msimamizi wa sitaha wakati upepo unaanza kupanda. Kila saa wanayongoja ni fedha zimeokolewa au ni watu wamehatarishwa.

Hapo ndipo tunapotaka kutaja msiba wa Bourbon Dolphin. Meli hiyo ya Norway haikuwa ya kebo. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nanga za mitambo ya mafuta. Lakini ni katika ukoo wa meli zile zile zinazogeuzwa. Ilikuwa mpya, haijatimiza mwaka. Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya visiwa vya Shetland, ilikuwa ikibeba mnyororo mzito wa nanga katika maji marefu ya zaidi ya mita 1,000. Uzito wa mnyororo ukaivuta upande, ikalala, ikapinduka. Walikuwa watu 15 melini. Wakafa 8, na nahodha akiwa mmoja wao.

Serikali ya Norway iliunda tume, nayo ikatoa ripoti mwaka 2008. Tume haikusema kwamba ni kosa la mtu mmoja. Ilionyesha mambo mengi yaliyofungamana: meli ile haikufaa kwa kazi katika kilindi kama kile, msimamo wake majini ulikuwa na udhaifu ambao watu wake hawakuelezwa vya kutosha, mpango wa kazi haukuangalia uwezo wa kila meli, na nahodha, ambaye alikuwa mgeni katika meli hiyo, alikabidhiwa kwa muda mfupi mno. Chuma kilikuwa kipya kabisa, ndugu. Kilichokosekana ni kulinganisha kazi na chombo, na chombo na watu.

Kamba hukatikia pabovu. Na mara nyingi pabovu si katika kamba, bali ni katika usingizi wa mtu aliyeishika, au katika maneno ambayo hakuambiwa alipokabidhiwa zamu.

SHERIA NA VYAMA

Je, mabaharia wana kinga gani? Iko Sheria ya Kimataifa ya Kazi za Baharini ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliikubali mwaka 2014. Inatoa njia mbili za kupima saa za mabaharia, na nchi huchagua moja. Kwa njia ya kwanza, kazi isipite saa 14 katika saa 24, wala saa 72 katika siku saba. Kwa njia ya pili, mapumziko yasipungue saa 10 katika saa 24, wala saa 77 katika siku saba. Mtu wa zamu ya saa 12 kwa siku saba amefanya saa 84. Saa hizo zapita kipimo cha njia ya kwanza, ila zakubalika kwa njia ya pili, maana bado ana saa 84 za kupumzika. Lakini akiitwa kusaidia nje ya zamu kwa saa moja tu kila siku, na kesho yake nusu, na mikutano ya usalama juu yake, akiba yake yaisha. Bandu bandu huisha gogo.

Sheria hiyo pia inakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Jambo hili tunalisema kwa sauti kwa ajili ya vijana wa Mombasa, Kilifi na Kwale. Wanasikia kwamba kuna kazi nzuri katika meli za Ulaya, na wako watu wanaowadai fedha kwanza, mpaka mzazi auze ng'ombe. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari kijana aweza kulipia mwenyewe. Lakini akidaiwa ada ya kupewa kazi yenyewe, ajue anaibiwa, na aje chamani aulize.

Kuhusu mshahara, tutazame yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2017 serikali ya huko ilitoa ruhusa maalum kwa mabaharia wa nchi za nje kujenga mashamba ya upepo ndani ya maili 12 za pwani bila kibali cha kawaida cha kazi. Ruhusa hiyo iliongezwa mara kwa mara, ikaisha tarehe 30 Aprili 2023. Chama cha RMT kililalamika kwamba njia hiyo iliwawezesha matajiri kuajiri mabaharia kwa malipo ya chini sana. Na RMT ni chama gani? Ni chama kilichoundwa mwaka 1990, pale chama cha watu wa reli cha Uingereza kilipoungana na chama cha mabaharia. Reli na bahari tena, chini ya paa moja.

Katika jambo hili tuwe waangalifu. Mgeni anayelipwa kidogo si adui. Huenda ni Mfilipino, huenda ni Mhindi, na kesho huenda akawa mtoto wetu wa Likoni. Adui ni malipo mawili kwa kazi moja. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyi Kazi wa Uchukuzi limekuwapo tangu 1896, na tangu mwanzo limejifunza kwamba mkipandisha mshahara wa anayelipwa kidogo, hapana tena faida ya kuwafitinisha.

MASWALI MATANO YA KUCHUKUA KARAKANANI

Ndugu, umeme wa upepo ni kitu chema. Hautoi moshi, na upepo hautozwi ushuru. Hatusemi meli zisigeuzwe. Kuigeuza meli nzuri kuliko kuiacha ioze gatini ni busara, na ni kazi kwa mafundi wa gudi. Tunalosema ni kwamba kugeuza kukamilike. Kwa hiyo twapendekeza maswali matano, ambayo yafaa kwa meli, na yafaa sawasawa kwa behewa, gari au mashine ya karakana yetu.

1. Mzigo mpya umepimwa, na nani aliyetia sahihi kwamba chombo kinauweza? Jina liandikwe.

2. Hali ya chombo inayobadilika wakati wa kazi imeelezwa kwa mtu wa mwisho kabisa anayekigusa? Behewa likipewa mzigo mpya, aliye kwenye breki lazima ajue mkono wa tupu na mzigo umewekwa wapi. Farumi ya meli ni hivyo hivyo.

3. Watu wamefundishwa kabla ya siku ya kazi, na makabidhiano kati ya zamu na zamu yamepewa muda unaolipwa?

4. Saa za kupumzika zimehesabiwa kwa kazi ilivyo kweli, si kwa kazi ilivyo katika karatasi?

5. Nani ana ruhusa ya kusema "Simamisha", na akisema, ana hakika kwamba hatafukuzwa?

Swali la tano ndilo zito kuliko yote. Mashine ya kushika kebo ina kitufe chekundu, na mashine zetu nyingi zinacho pia. Lakini kitufe hakina kazi kama mkono unaokifikia unaogopa barua ya kufutwa. Kuuondolea mkono huo woga si kazi ya mhandisi wala ya mkaguzi. Ni kazi ya chama, na ndiyo kazi tunayolipia ada zetu kila mwezi.

Basi twaomba, Bwana Mwenyekiti, maswali haya matano yachapwe katika karatasi moja na kubandikwa kwenye mbao zetu za matangazo, na wajumbe wa kila idara wayapeleke kwa wasimamizi wao siku yo yote chombo kitakapoagizwa kugeuzwa kazi. Hatungoji meli ya kebo ije Kilindini ndipo tujifunze kuuliza.

Sasa tuko tayari kwa maswali yenu.